Gari imebadilishwa injini, mpira wa hewa hauko dukani: mteja unamuuzia nini?



Mimi nauza spea za magari na pikipiki hapa Moshi. Nina kafremu kadogo Majengo, ila zaidi ya nusu ya mauzo yangu yanapita kwenye simu, WhatsApp na Instagram. Ufundi sijasomea. Nilimaliza form four, nikakaa kwa fundi kama kijana wa kushika spana, baadaye nikawa natumwa spea mjini, mwisho nikaona bora niziuze mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayoandika mengine nimejifunza kwa kufanya, mengine kwa kupoteza hela.

Leo naomba tuongee kuhusu mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye injini. Na sio wa gari ya kawaida, maana huo unaagiza kwa namba ya spea na kazi imeisha. Nazungumzia gari iliyobadilishwa injini.

Wa huku mlimani mnajua, Land Rover haifi. Bodi ya 110 inabaki nzima, injini ndiyo inachoka. Mwenye gari anatafuta injini ya Toyota: wengine 1KZ ya Prado, wengine 3L ya Hiace, wengine 1HZ ya Land Cruiser. Fundi anachonga pleti ya kuunganisha na gia boksi, anatengeneza mikono ya kukalia injini, gari inawaka. Kesho yake iko Mwika inashusha ndizi Himo, ikirudi inapandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare.

Sasa shida inabaki kwenye vitu vidogo. Toyota hawakuwahi kutengeneza mpira unaofika kwenye boksi la Land Rover. Land Rover nao hawakutengeneza unaofika kwenye mdomo wa injini ya Toyota. Namba ya spea haipo. Mteja anakutumia picha moja yenye giza na ujumbe: "Kijana, nitafutie mpira kama huu." Hapo ndipo unaweza kupata mteja wa maisha, au ukapata kesi.

NILIVYOKOSEA

Mimi nilianza na kesi. Kama miaka miwili iliyopita mzee mmoja wa Mwika alinitafuta. Ana 110 yenye 1KZ. Nikamuuliza swali moja tu: "Mzee, ni gari gani?" Akasema Land Rover. Nikazunguka mjini, nikapata mpira wa rejeta wa lori, mtumba, umekaa vizuri midomo yote miwili. Nikamuuzia 35,000. Akafurahi, na mimi nikafurahi, maana ulikuwa umenigharimu 15,000.

Baada ya wiki tatu akapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, gari haipandi. Nikikanyaga moshi mweusi kama tanuru ya matofali."

Tukakutana kwa fundi. Gari ikiwa sailensa, mpira uko mviringo, mzuri kabisa. Fundi akamwambia kijana wake akanyage mafuta. Mpira ukanyonywa, ukalala bapa kama mfuko wa plastiki unapoufyonza mdomoni. Akaachia, ukarudi mviringo. Ukiuangalia gari imezimwa huwezi kujua kama una shida.

Sio hilo tu. Upande wa turbo, oili ilikuwa imeulainisha mpira hadi umevimba, na chini ya klipu ulikuwa umechanika kidogo. Fundi akapitisha kidole ndani ya mdomo wa turbo, kikatoka na vumbi jekundu. Mapanga ya turbo yalikuwa yameliwa ncha.

Turbo ya mtumba ilikuwa 450,000. Hakuna aliyenilazimisha, ila nilitoa 200,000. Mzee hakunifokea. Alisema tu: "Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua." Kiukweli nilikuwa sijui. Na Moshi ni mji mdogo, jina likichafuka Mwika, kesho liko Marangu, keshokutwa liko Rombo.

KWA NINI MPIRA WA HEWA SIO MPIRA TU

Injini ya 1KZ ina ujazo wa cc 2,982, tuseme lita 3. Kila silinda inavuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta kama lita 4,500 za hewa kila dakika, na hapo hujahesabu ile ambayo turbo inaongeza. Pipa la kawaida ni lita 200. Hayo ni mapipa zaidi ya 22 kwa dakika moja, yote yanapita kwenye bomba la upana wa sentimita sita au saba.

Ndio maana mpira ule unanyonywa kwa nguvu. Mpira wa rejeta umetengenezwa kusukumwa na maji kutoka ndani. Haukutengenezwa kuvutwa. Ukiwa mpana na hauna waya ndani, unalala. Halafu aina ya mpira inayotumika sana kwenye rejeta haipatani na oili. Na njia ya hewa ina oili, kwa sababu kuna mpira mdogo unaorudisha pumzi ya injini humo, na ile pumzi inakuja na mvuke wa oili.

Ongeza na mlima wetu. Ukifika Marangu geti uko kama mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Yaani gari ya huku tayari inapumua kwa shida kabla wewe hujaiuzia mpira unaoziba. Ndio maana gari inaweza kutembea vizuri tambarare ya Himo, ikianza kupanda inatoa moshi mweusi. Mafuta yapo, hewa haitoshi.

Na vumbi. Wanaoshuka mashamba ya miwa ya TPC au wanaokwenda West Kilimanjaro kiangazi wanalijua. Vumbi ni mchanga mdogo sana. Likipita bila kuchujwa linasugua ringi na kuta za silinda kama msasa. Panga la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, sasa fikiria linapigwa na mchanga kwa mwendo huo.

Kwa hiyo mteja akija kwako hajaja kununua mpira. Amekuja kununua hewa ya kutosha na safi. Ukilishika hilo, mengine yanakuwa rahisi.

NJIA YA HEWA INA SEHEMU TATU

Kabla hujatafuta chochote, jua mteja anataka kipande cha wapi.

Sehemu ya kwanza ni kabla ya filta. Hii ni upande mchafu. Ikiwa na tundu dogo, vumbi bado litakutana na filta. Hatari yake ni maji, hasa gari inayovuka mito wakati wa masika.

Sehemu ya pili ni kati ya filta na injini, au kati ya filta na turbo. Hapa ni upande safi na ndipo panapovutwa. Mpira wa hapa usilale na usivuje hata kidogo, maana tundu likitokea hapa filta haina kazi tena. Mzee wa Mwika alikuwa na filta mpya kabisa, na vumbi liliingia.

Sehemu ya tatu ni baada ya turbo. Hapa hewa inasukumwa na ina joto. Mpira uwe na tabaka za kitambaa ndani, na klipu ziwe imara, la sivyo unachomoka mlimani gari ikiwa na mzigo. Injini kama 3L na 1HZ za kawaida hazina turbo, kwa hiyo sehemu hii hazina.

MASWALI NINAYOULIZA SIKU HIZI

Nimeyaandika kwenye simu kama ujumbe ulio tayari. Mteja akisema mpira wa hewa, namtumia wote.

1. Injini ni gani? Sio gari gani. Kama hajui, apige picha ya maandishi kwenye bloku.

2. Ina turbo au haina?

3. Kipande kinachotakiwa kinatoka wapi na kinaingia wapi?

4. Mdomo wa kila upande una mzunguko wa milimita ngapi? Wateja wengi hawana venia, kwa hiyo nawaambia wachukue futi ya fundi cherehani, au uzi kisha waupime kwenye rula. Wazungushe nje ya bomba mara moja, wanitumie namba. Mimi nagawanya kwa 3.14 napata upana. Nimeweka hivi ukutani:

Mzunguko 160 ni mpira wa 51.
Mzunguko 179 ni mpira wa 57.
Mzunguko 198 ni mpira wa 63.
Mzunguko 220 ni mpira wa 70.
Mzunguko 239 ni mpira wa 76.

Kumbuka unapima nje ya bomba, kwa sababu mpira unauzwa kwa upana wake wa ndani. Hapa wengi tunachanganya.

5. Njia ina kona ngapi? Hii nilifundishwa na fundi mmoja na imeniokoa sana. Mteja achukue waya wa kufungia nondo, aukunje ufuate njia kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, bila kugusa feni, mkanda wala eksozi. Autoe taratibu, aulaze sakafuni pembeni ya rula, apige picha kutoka juu. Kama kona zinageukia pande mbili, apige nyingine ya ubavuni. Picha hizo mbili zinakupa urefu na kona zote.

6. Kuna mpira mdogo wa pumzi ya injini unaoingia humo? Kuna sensa? Kama ni injini ya petroli yenye sensa ya hewa kwenye bomba, ile sensa ibaki kwenye bomba lake la asili. Kompyuta ya gari inahesabu hewa kwa upana wa lile bomba. Ukiihamishia kwenye bomba la upana mwingine, hesabu zote zinaharibika, gari inakula mafuta au inakosa nguvu.

Mteja anayejibu maswali haya sita ni mnunuzi kweli. Anayesema "we nitumie bei tu" mwambie kwa upole kwamba bei bila vipimo ni kubahatisha, na anayeumia ni injini yake. Wengine wataondoka. Waache.

NINAPOTAFUTA

Njia ya kwanza, mtumba wa gari nyingine. Mpira wa asili wa gari yoyote yenye kona na upana unaofanana ni mzuri, kwa sababu ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Naanza hapa Moshi na Arusha, nikikosa nauliza watu wa Gerezani Kariakoo na Shauri Moyo Dar. Usiulize "mna mpira wa Land Rover ya 1KZ?" Uliza "mna mpira wa hewa wenye 76 huku, 63 kule, kona moja?" Kabla hujatuma hela, omba video mpira ukiwa unakunjwa. Nyufa zinajificha kwenye mikunjo, kwenye picha hazionekani.

Njia ya pili, silikoni ya kuuzwa kwa kipimo. Ziko zilizonyooka, kona ya 45, kona ya 90, na zile zinazopungua upana, mfano 76 kuja 63. Joto zinavumilia vizuri. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, ya sehemu ya kuvutwa ikiwa ndefu iwe na waya ndani. Pili, silikoni ya kawaida haipendi oili. Kama njia ina oili nyingi, tafuta ile yenye ngozi ya ndani ya kuzuia oili, au mwambie mteja ukweli kwamba ataibadilisha mapema.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: fundi eksozi. Anakunja au anaunga bomba la chuma kufuata ule waya wa mteja. Chuma hakilali, hakichaniki. Wewe unauza vipande vifupi vya mpira vya kuunganisha ncha mbili, pamoja na klipu. Mwambie fundi mambo mawili. Ncha za bomba ziwe na ukingo ulioinuka kidogo ili mpira usiteleze. Na ndani pasafishwe hadi ukipitisha kitambaa hakikwami, kwa sababu kipande kimoja cha mabaki ya kulehemu kikiachia kinaingia moja kwa moja kwenye turbo.

Kuna wanaovuka Holili kwenda kununua Nairobi, Kirinyaga Road. Spea ni nyingi kweli. Ila wengi wanadhani ile karatasi rahisi ya mfanyabiashara mdogo, ya mzigo usiozidi dola 2,000, inafunika kila kitu. Hapana. Ile ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi za Afrika Mashariki. Mpira wa Japani hauwi wa Kenya kwa sababu umelala duka la Nairobi. Tamka mzigo, lipa, na ushuru uweke kwenye bei tangu mwanzo. Usije ukaanza kupiga hesabu ya faida ukiwa mpakani.

NISIVYOUZA

Bomba la plastiki la maji, hata fundi akisema linatosha. Joto la chini ya boneti linalilainisha. Chubu ya tairi iliyokatwa na kufungwa kwa waya. Na mpira wa rejeta kwenye sehemu ya kuvutwa, hata mteja akinibembeleza kwamba ni kwa siku mbili tu. Siku mbili zinakuwa miezi sita, na jina linalotajwa ni langu.

BEI NAIPANGAJE

Mfano wa kazi moja ya karibuni, 1KZ kwenye 110:

Silikoni ya 76 kuja 63: 28,000
Bomba na kazi ya fundi eksozi: 20,000
Mpira mfupi ulionyooka wa 63: 15,000
Klipu nne pana: 10,000
Nauli ya mzigo kwa basi: 5,000

Jumla 78,000. Nikauza 100,000. Faida 22,000. Ukiangalia haraka, ile ya kwanza ya 35,000 ilinipa faida karibu sawa, 20,000, bila jasho. Ila ile ilinirudia kwa 200,000.

Mteja akisema ni ghali, sibishani naye. Namtumia orodha hiyo kipengele kwa kipengele, halafu namkumbusha bei ya turbo. Wengi wanaelewa wenyewe. Na nachukua nusu kabla ya kuagiza, kwa sababu kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha gari moja hakiuziki kwa mwingine.

USIISHIE KWENYE KUUZA

Mzigo ukifungwa, namwomba fundi afanye majaribio mawili.

La kwanza, injini inawaka, mmoja anakanyaga mafuta, mwingine anaangalia mpira kwa mbali kidogo, mikono na nguo mbali na feni. Ukilala hata kidogo, nautoa na kuubadilisha kwa gharama yangu. Mteja nimemwahidi hivyo tangu mwanzo, kwa maandishi kwenye WhatsApp.

La pili ni baada ya wiki moja ya kazi. Injini imezimwa na imepoa. Anafungua mpira baada ya filta, anapitisha kitambaa cheupe ndani, ananitumia picha. Oili kidogo sio tatizo. Vumbi ni tatizo, na linatafutwa siku hiyo hiyo linapoingilia.

Hii picha ya kitambaa imeniletea wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia. Mtu akiuliza kama kazi yangu ni nzuri, naomba ruhusa kwa mwenye gari, nafunika namba ya gari, natuma ile picha.

Na kama wewe huuzi spea, hili bado linakuhusu. Anayeuza pazia anaulizwa "la dirisha la sebuleni bei gani?" Anayeuza viatu anaulizwa "vya mtoto wa miaka mitano vipo?" Mteja anataja jina la kitu chake, wewe uza kwa kipimo na kwa kazi kinayokwenda kufanya. Andika maswali yako matano au sita leo, yahifadhi kwenye simu, yatume kabla ya kutaja bei.

Yule mzee wa Mwika bado ni mteja wangu. Ndiye wa kwanza niliyemfungia bomba la chuma, na sikumtoza kazi. Kila akibadilisha filta, mjukuu wake ananitumia picha ya kitambaa bila hata kuombwa. Ya mwisho ilikuja wiki iliyopita, cheupe, na chini yake mzee kaandika neno moja: "Kagua."

Biashara njema wadau.